Mume wangu analala fofofo, mimi nahesabu malori

Shikamoo Shangazi,

Nasoma safu yako tangu nikiwa binti, sikudhani ipo siku nitaandika mimi. Leo nimeshindwa. Hapa ni saa tisa na robo usiku, nimekaa chini koridoni na simu yangu, kwa kuwa hapa malori hayanifikii sana.

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, yuko darasa la pili. Wa pili ni wa kike, bado ananyonya. Mwaka jana tulihama Chanika tukaja Tabata, nyumba ya kupanga inayotazama Barabara ya Mandela. Mume wangu anafanya kazi bandarini. Tulipokuwa Chanika alikuwa anatoka saa kumi alfajiri na kurudi watoto wameshalala. Sasa anafika kazini kwa nusu saa. Hilo silibishi, maana mwanaume alikuwa amechoka, na mimi nilifurahi watoto kumwona baba yao akiwa macho.

Tatizo ni barabara. Nyumba yenyewe imejengwa kinyume: vyumba viwili vya kulala viko mbele, sebule iko nyuma, inafungukia uani. Nimepima kwa miguu, kutoka dirisha langu hadi ukingo wa lami ni hatua kumi na tisa. Na mbele yetu kidogo kuna kivuko cha wanafunzi na yale matuta madogo madogo yanayopangwa mfululizo. Lori likifika hapo dereva anakanyaga breki, upepo unatoka "tsssss", tela tupu linagonga gudu-gudu-gudu, halafu anakamua mafuta aondoke. Glasi zangu kabatini zinagongana. Juzi nilihesabu, kati ya saa nane na saa tisa usiku yamepita malori 41. Bodaboda sikuzihesabu. Kukipambazuka yanaanza ya mchana: honi, wapiga debe wa kituoni, na duka la simu lililoweka spika nje.

Kichwa kinaniuma karibu kila siku. Nilipompeleka mtoto kliniki walinipima na mimi, presha ikaonekana 148 kwa 96. Nimekuwa mkali, Shangazi. Wiki iliyopita nilimpiga mwanangu kofi kwa sababu nilimwita mara nne hakuitika, na alikuwa hapo hapo mlangoni. Alinitazama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nimelia sana kwa kofi lile. Mwalimu wake naye anasema "anasikia anachotaka". Kwenye imla anaambiwa "pata" anaandika "bata", anaambiwa "fua" anaandika "vua". Chanika hakuwa hivi.

Nikilalamika mume wangu ananiambia, "Utazoea, mbona mimi nimezoea?" Kweli yeye analala fofofo. Mama mwenye nyumba anasema ana miaka ishirini hapa na hasikii kitu. Wifi yangu amesema nadeka. Jirani amenishauri ninywe vile vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, nimevinywa kama wiki mbili.

Kodi tumelipa miezi sita, imebaki minne. Nataka tuhame, yeye hataki hata kulisikia. Je, ni mimi nina matatizo? Kelele za barabarani zinaweza kumdhuru mtu kweli, au ni kisingizio? Na huyu mtoto nimfanyeje?

Nisiyelala, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Umeandika jambo moja mwanzoni ukalipita haraka: kwamba umekaa koridoni kwa kuwa hapo malori hayakufikii sana. Lishike hilo. Dawa yako ya kwanza imo humo, nitalirudia.

Huna tatizo la akili na hudeki. Kelele za magari zinadhuru, na hilo limepimwa miaka mingi. Nikueleze inavyokuwa, kwa sababu neno "utazoea" limewaumiza watu wengi mjini na nataka uwe na la kujibu.

Jicho lina kope, likichoka linafumba. Sikio halina. Ukiwa umelala linaendelea kupokea, na ubongo unapokea kila mshindo kama hatari mpaka uthibitike vinginevyo. Lori likigonga tela saa nane usiku, mwili unamwaga homoni za msongo, adrenalini na kotizoli, moyo unaongeza mapigo, mishipa ya damu inajikaza. Haya hutokea hata kama hukuamka, na asubuhi hukumbuki kitu. Kinachozoea ni akili: baada ya miezi haijali tena, hailalamiki. Moyo na mishipa havizoei kwa kiasi hicho. Ndiyo maana mama mwenye nyumba anakuambia kweli kabisa kwamba hasikii, lakini hajui mwili wake unasikia nini. Mumeo vivyo hivyo. Umshauri naye akapime presha, bila ugomvi.

Na kwa nini yeye analala wewe unaamka? Wewe unanyonyesha. Usingizi wa mama mwenye kichanga ni wa sikio moja, linalosubiri mtoto akohoe au alie. Sikio hilo hilo ndilo linalokamata kila breki. Wifi yako, kama amewahi kunyonyesha, akumbuke.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2018, ulioandikwa kwa ajili ya nchi za Ulaya lakini masikio ni yale yale, ukishauri kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 53 kwa siku nzima na 45 kwa usiku, kipimo kikichukuliwa nje ya nyumba. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yako kwenye 60 hivi. Lori kubwa likikupita karibu linaweza kufika 85. Na desibeli hazihesabiwi kama kilo za mchele: zikiongezeka 10, sikio linahisi kama sauti imekuwa maradufu. Kabla ya hapo, mwaka 2011, WHO hao hao walikadiria kwamba Ulaya Magharibi peke yake hupoteza angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka kwa sababu ya kelele za vyombo vya usafiri. Sehemu kubwa inatokana na usingizi uliovurugika na kero, halafu magonjwa ya moyo. Kwa hiyo ukisema umechoka, usiseme kwa aibu.

Sasa huyu mtoto, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimesimama kwake.

Pale "pata" inapogeuka "bata" na "fua" ikawa "vua", sioni ukaidi. Nadhani hatofautishi sauti zinazokaribiana. Jijini New York kuna majengo manne marefu ya makazi yaliyojengwa miaka ya 1960 juu kabisa ya barabara kuu, magari yanapita chini yake usiku na mchana. Mwaka 1973 wanasaikolojia Sheldon Cohen, David Glass na Jerome Singer walichapisha utafiti wao juu ya watoto wanaoishi humo. Waliwapa maneno mawili mawili yanayokaribiana kwa sauti, watoto waseme ni sawa au tofauti. Waliokaa ghorofa za chini, karibu na magari, walishindwa zaidi kuliko wa ghorofa za juu, na kusoma kwao pia kulikuwa nyuma. Ilionekana zaidi kwa waliokaa humo miaka minne na kuendelea. Maelezo waliyoyatoa yamenikaa kichwani: mtoto anayeishi kwenye kelele zisizokatika anajifunza kutosikiliza. Anazizima kelele ili apumue, lakini hachagui, anazizima na sauti za watu pamoja nazo. Na ya mama yake imo.

Kwa hiyo alipokutazama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, huenda ndivyo ilivyokuwa. Umlilie kofi lile, ndiyo, lakini pia umwambie. Mtoto wa darasa la pili anaelewa akiambiwa, "Mwanangu, nilidhani umenidharau, kumbe hukunisikia. Nisamehe."

Nyinyi hamjafika miaka minne hapo, na hali hiyo inaweza kurekebika. Huko huko New York palikuwa na shule iliyopakana na reli ya treni inayopita juu. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walionyesha kwamba watoto wa madarasa yanayotazama reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande mwingine wa jengo lile lile. Reli ikawekewa mpira, madarasa yakawekewa dari inayomeza sauti. Bronzaft aliporudi kupima, tofauti ilikuwa imekwisha.

Kabla ya yote lakini, mpeleke akapimwe masikio. Nta iliyoganda au usaha wa ndani humfanya mtoto asiitike vile vile, na hatutaki kuisingizia barabara ugonjwa unaotibika. Waombe kipimo cha usikivu, wasikuishie kwa tochi tu. Majibu yakiwa mazuri, mwone mwalimu, umwombe amkalishe mbele, mbali na dirisha, na ahakikishe anamtazama kabla ya kumsemesha.

Tuje nyumbani. Kesho asubuhi simama chumbani kwako dakika tano, kisha koridoni, kisha sebuleni. Kama simu yako inaweza kuwekwa programu ya kupima desibeli, iweke. Haitakuwa sahihi kama chombo cha mtaalamu, lakini inatosha kulinganisha chumba na chumba. Sina shaka sebule yako itakuwa tulivu kupita vyote, kwa kuwa kati yake na lami kuna kuta za nyumba nzima. Basi hapo ndipo watu walale. Vyumba vya mbele viwe vya kabati, meza ya kula, televisheni na wageni.

Najua utaniambia sebule ni ya wageni, na watu watasemaje wakikuta magodoro sebuleni. Mwanangu, mgeni anakaa saa mbili. Mwanao analala saa tisa au kumi kila siku, na ndani ya saa hizo ndimo ubongo wake unapanga alichojifunza. Mgeni akae na malori.

Usipoteze pesa kwa trei za mayai. Naziona zimebandikwa ukutani nyumba nyingi, watu wanaamini zinazuia kelele. Zinapunguza mwangwi kidogo mle chumbani, sauti ya nje haizijui, na zikishika moto ni balaa. Mapazia mazito nayo hayafanyi mengi mbele ya ngurumo ya lori. Ukumbuke kwamba panapopita hewa ndipo panapopita sauti. Ukiweka mpira kwenye kingo za dirisha la mbele na kitambaa kilichoviringishwa chini ya mlango wa chumba hicho ukaufunga usiku, utasikia tofauti kule nyuma. Hapo joto la Dar litakuuliza. Madirisha ya uani yabaki wazi, na neti, na feni. Mvumo wa feni ni wa namna moja usiku kucha, unafunika mishindo midogo, na kinachoamsha watu zaidi ni mshindo wa ghafla. Vizibo vya sponji vya masikioni ni vizuri, ila kwako wewe ni kwa saa ambazo baba ameshika zamu ya kichanga, na muwe mmekubaliana kabisa. Mtoto usimwekee.

Kuhusu kuhama, naona mnagombana kwa sababu kila mmoja ana picha moja tu. Wewe ukisema "tuhame" yeye anaona Chanika na saa kumi alfajiri. Yeye akisema "tubaki" wewe unaona hatua kumi na tisa. Msikilizaneni kwenye jambo hili: barabara yenye magari mfululizo, umbali ukiongezeka maradufu kelele hupungua desibeli 3 tu hivi, si kitu. Lakini nyumba ikisimama katikati, inakinga kuliko mita nyingi za hewa tupu. Tofauti kubwa ya kelele mtaani kwenu haiko kati ya Tabata na Chanika. Iko kati ya nyumba za mstari wa kwanza na za mstari wa pili au wa tatu. Mwambie mumeo hutaki kumrudisha mbali, unataka nyumba ya nyuma, kituo chake kikiwa kile kile. Mna miezi minne ya kutafuta bila haraka. Nendeni mkaione saa nne usiku, si saa nne asubuhi na dalali, maana asubuhi kila chumba ni kizuri. Niliwahi kupanga Manzese chumba nilichokiona Jumapili mchana. Usiku wa kwanza nilidhani magari yanapita uvunguni.

Mazungumzo hayo yafanye akiwa amekula, na usianze na uchovu wako. Anza na daftari la imla. Baba atabishana na mke juu ya usingizi, lakini "pata" iliyoandikwa "bata" kwa mkono wa mwanawe ataitazama.

Barabara yenyewe je? Tukatae kabisa kuambiwa kwamba haiwezekani kitu. Lakini naomba usije ukaongoza watu kudai matuta yaondolewe. Ndiyo yanayokugongea matela, nami nakuonea huruma, ila ndiyo pia yanayomvusha mtoto wa mwenzio akiwa hai. Linaloweza kudaiwa ni mwendo mdogo wa malori usiku kabla ya kufika kwenye matuta, maana lori lililokuja taratibu halikanyagi breki kwa nguvu wala tela halirukiruki. Pia ukuta wa tofali pale nyumba zinapotazama lami. Miti ni mizuri kwa kivuli, ila mstari mmoja wa miti hauzuii sauti. Hiyo ni barabara kuu, ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), si ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), kwa hiyo barua ielekezwe huko, ipitie serikali ya mtaa wenu, isainiwe na kaya nyingi. Barua ya mtu mmoja ni malalamiko ya mtu mmoja.

Spika ya duka la simu ni rahisi zaidi. Tanzania tuna kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo inayozisimamia. Anza na mwenye duka mwenyewe, kwa salamu, kisha mwenyekiti wa mtaa, kisha ofisa mazingira. Pikipiki zilizotobolewa ekzosi ni za askari wa usalama barabarani, taja kijiwe zinapoegesha.

Vidonge vya mafua acha leo. Mama anayenyonyesha hanywi dawa ya kusinzisha bila kumwambia muuguzi, kwani inaweza kupita kwenye maziwa ikamlegeza mtoto, na usingizi wake si usingizi, unaamka kichwa kizito. Na presha ya 148 kwa 96 iliyopimwa mara moja, ukiwa umembeba mtoto na umekesha, haitoshi kukuita mgonjwa, wala si ya kupuuzwa. Rudi upimwe siku nyingine mbili tatu, ukae umetulia dakika tano kwanza, usiwe umekunywa chai ya rangi wala kahawa. Ikiendelea kuwa juu ya 140 kwa 90, uanze matibabu, malori yawepo yasiwepo. Na waambie umejifungua lini, hilo wanalihitaji.

Usiku wa leo usingoje kikao. Buruta magodoro, wewe na watoto mlale sebuleni, baba akitaka kubaki na kitanda chake abaki. Chukua daftari uandike kwa siku saba: umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, na nini kilikuamsha. Andika na jambo lingine moja kila jioni, ukiwa uani au jikoni, mwite mwanao kwa sauti ya kawaida kisha uhesabu ameitika ya ngapi. Hesabu hiyo ndiyo ninayoisubiri kwenye barua yako ya pili.

Shangazi